Gari la Mtani

Sehemu ya tisa

Jina lililoandikwa juu ya daftari lilikuwa la mkewe.

Nyie niliowaacha juma lililopita mmeshika roho mkononi, haya, sogeeni. Na wewe uliyeingia leo nakupa kwa kifupi usije ukapotea njiani. Alphonce ni mkulima wa mpunga pale Mbingu. Mkewe, Katarina, alifariki masika ya mwaka jana. Binti yake, Angelina, ana mimba ya kwanza, imeshakuwa kubwa, na daktari wa Ifakara kasema mtoto kalala vibaya tumboni, lazima apasuliwe, asithubutu kujifungulia nyumbani. Mume wa Angelina, Fredy, yuko Kidatu anakata miwa. Basi Alphonce aliapa juu ya kaburi la mkewe kwamba mtoto huyu hatapelekwa hospitali na bodaboda. Lazima gari.

Asubuhi hii mtani wake Hilari, dereva wa Ifakara, kamletea moja alikague uani. IST ya bluu, kigari cha familia cha milango mitano, kimetumika lakini kinang'aa. Alphonce kafungua buti, kainua ubao, kaling'oa tairi la spea atazame kutu. Chini yake kakuta tope limekauka, miche miwili ya mpunga iliyoota gizani ikafia humo humo, myeupe kama minyoo, na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani ya mfuko, daftari la hospitali.

KATARINA. Herufi kubwa zilizopinda kama maksai wasioelewana. Kaziandika Alphonce mwenyewe, siku mkewe alipoanza kliniki ya presha.

Daftari hilo walilitafuta siku ya msiba mpaka chini ya magodoro. Hawakuliona.

Sasa liko kwenye buti la Hilari.

Huko mbele boneti iko juu, na Hilari anabishana na Marsiana, dada mkubwa wa Alphonce. Mama huyu kazaa watoto saba na hajawahi kushindwa mjadala.

“Liko chini mno,” Marsiana anasema. “Barabara yetu ina mashimo unaweza kufuga kambare. Litapitaje?”

“Nimeliwekea spesa, dada, limepanda. Litazame vizuri.”

“Nalitazama. Naliona kama kofia. Na mbuzi?”

“Mbuzi gani tena?”

“Nikipeleka mbuzi mnadani atakaa wapi?”

“Siti za nyuma zinalala, dada. Zikilala zinaingia gunia tatu za mpunga. Mbuzi wako atakaa kama diwani.”

“Wangoni kwa maneno! Mngejua kulima kama mnavyojua kusema, msingewamaliza panya kwa kuwala.”

“Na nyie Wandamba mngejua kuendesha kitu kisichokuwa mtumbwi, mimi ningekuja huku kufanya nini?”

Wakacheka wote wawili. Ndivyo walivyo watu hawa. Mtani akikutukana hukasiriki. Akimkamata kuku wako unamwongezea na chumvi. Mimi nimeona mtani kachukua baiskeli ya bwana harusi katikati ya harusi, na bwana harusi akashukuru.

“Hilari,” Alphonce akaita.

Hakusema mtani. Alisema Hilari. Yule bwana alipochungulia upande wa buti, kicheko kilishaanza kumtoka usoni.

“Hiki kitu kimefikaje humu?”

Hilari akalitazama daftari. Kitambaa cha kufutia oili kikamdondoka. Akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

“Mtani,” akasema, “kumbe nyie Wandamba hata madaftari yenu yanajua kuogelea…”

“Leo utani basi.”

Maneno matatu tu, wajukuu zangu. Lakini Mndamba hamwambii Mngoni maneno hayo. Ni kama kumfungia mtu mlango usoni, tena mvua inanyesha. Marsiana akaacha boneti akaja mbio huku kashika khanga.

“Kuna nini? Alphonce, kuna nini?”

 Macho ya Alphonce yalikuwa kwa Hilari.

“Mke wangu hakuwahi kupanda gari lako,” akasema. “Siku ile bodaboda iliwafikisha korongoni, ikaona maji yamejaa, ikageuza. Angelina akakaa na mama yake pembeni ya barabara wanasubiri gari. Gari halikuja. Wamekaa na mvua, gari halikuja, mpaka Katarina akamfia mikononi. Ndivyo nilivyoambiwa. Unadhani mimi gari nalitakia nini? Mimi mtu wa jembe! Nimeuza maksai wangu wawili ninunue gari, kwa sababu siku ile gari halikuja!”

Hilari akakaa chini. Suruali yake safi aliyoipiga pasi kwa ajili ya biashara, akaikalia vumbini.

“Lilikuja,” akasema.

“Nini?”

“Gari lilikuja, Alphonce. Ndilo hili.”

Kuku walikuwa wanaparura chini ya kigari. Marsiana kaziba mdomo kwa mikono yote miwili, na mimi niliyemjua miaka yote sijawahi kusikia habari kwamba Marsiana kaziba mdomo.

“Endelea,” Alphonce akasema.

“Nilikuwa natoka Mngeta, gari tupu. Angelina akanipigia simu, mama kaanguka jikoni, haongei vizuri. Kijiji kizima mlikuwa bondeni, madunguni, mnafukuza ndege kwenye mpunga. Hapa palikuwa hapana hata mtu wa kushika mlango. Nikambeba mwenyewe nikampakia. Bodaboda haikuwepo. Hiyo bodaboda tulikuja kuitunga baadaye.”

“Na korongoni?”

“Maji yamejaa. Nikaingia. Katikati gari likazima. Maji yakapanda mpaka kwenye siti, buti likajaa, ubao ukaelea, mfuko wa daftari ukazama chini yake. Nikamtoa nimembeba mgongoni. Nilikuwa namsemesha, Alphonce, nilikuwa namwambia mtani shikilia, shikilia. Nilipomlaza ng'ambo alikuwa ameshakwenda.”

“Ukanyamaza.”

“Nisikilize kwanza…”

“Mwaka mzima ukanyamaza! Unakula kwangu, unanywa kwangu, unanyamaza!”

“Sikunyamaza!” Hilari akapaza sauti, mishipa ya shingo imemsimama. “Nilikwambia! Nilikwambia mbele ya watu wote, na wewe ukacheka!”

Alphonce akafungua mdomo amjibu.  Akakumbuka.

Siku ya maziko. Jeneza liko pembeni, padri hajamaliza kufunga kitabu, Hilari huyo katokea na suruali ileile ya korongoni yenye matope, akarukia ndani ya kaburi. Akajipaka udongo usoni. Akajipiga kifua. “Nifungeni! Mimi ndiye niliyemuua! Nimemzamisha mtani wangu kama jiwe! Nipigeni, mnangoja nini, nipigeni!”

Watu wakaangua kicheko.

Wangefanya nini? Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Anavaa nguo za marehemu, anaiga alivyokuwa anatembea, anajigaragaza, anajisingizia, ili mfiwa apate pa kupumulia. Wakamtupia sarafu. Vijana wakamfunga kwa ugwe wa mgomba, wakamzungusha msibani kama mwizi wa kuku, huku akina mama wanapiga vigelegele na machozi yanawatoka. Na Alphonce, aliyekuwa hajala siku nzima, akacheka. Akacheka mpaka akashikwa asianguke. Siku ile yote hakucheka mara nyingine.

Baada ya hapo akawa anawaambia watu, Hilari ndiye aliyenifuta machozi. Mavuno yalipokuja akampelekea gunia la mchele, wa Kilombero safi, unaonukia ukiwa bado jikoni.

“Nilikuwa nalia kweli,” Hilari akasema, sasa kwa sauti ya chini. “Nilijua nitapigwa. Nilijua nitapelekwa polisi. Nikasema bora, nitapumua. Nyie mkanitupia hela. Nikirudia kusema, mnacheka zaidi. Jioni yake nikakwambia tena, tumekaa kwenye mkeka, nikakwambia mtani, mimi ndiye. Ulinifanya nini? Ulinipiga begani ukasema ahsante, umeifanya kazi yako vizuri. Mchele wako nilikuwa naupika, nautazama, nawapa majirani.”

Hapo damu ikampanda Alphonce. Pembeni ya ukuta palikuwa na jembe. Akalikamata. Hakumwendea Hilari, aliliendea gari. Akasimama mbele ya kioo kikubwa, jembe juu.

“Alphonce!” Marsiana akapiga ukelele.

Hilari hakunyanyuka. “Vunja,” akasema. “Ukimaliza hicho kioo, njoo na huku.”

“Baba, usilipige.”

Sauti ilitoka jikoni.

Tangu gari liingie uani Angelina hakuwa ametoka kulitazama. Baba yake alimwita mara mbili, njoo uone gari lako, akajibu nakoroga uji. Uji gani wa asubuhi nzima? Sasa alikuwa mlangoni kashika fremu, tumbo mbele, na nyuma yake harufu ya uji ulioungua.

“Rudi ndani, mwanangu,” Alphonce akasema, jembe bado liko hewani. “Mambo haya ya watu wazima.”

“Mjomba Hilari hakutaka kupita.”

“Angelina!” Hilari akanyanyuka haraka. “Angelina, tulikubaliana. Nyamaza.”

“Nimechoka kunyamaza, mjomba.” Akamgeukia baba yake. “Alisimamisha gari. Alisema maji mengi, tungoje yapungue, hata saa moja. Mimi ndiye niliyesema apite.”

“Huyu mtoto anachanganyikiwa na mimba,” Hilari akawaambia wengine, macho yanamhangaika. “Msimsikilize. Dereva ni dereva. Aliyeshika usukani ni mimi!”

“Nilimpiga ngumi mgongoni, baba. Nilimwambia kama angekuwa mama yake angepita. Bado hakupita. Nikamwambia… nikamwambia unangoja kwa sababu wewe ni Mngoni, huyu si mtu wenu.” Akafuta pua kwa mkono. “Sikusema kwa utani. Na yeye alijua sikusema kwa utani. Akaingiza gea akapita.”

Jembe likashuka. Halikupiga kitu, lilishuka tu, kama mkono uliolishika umelala usingizi.

Sasa Alphonce akauliza swali ambalo mimi, kama ningekuwepo, ningemziba mdomo asiliulize.

“Maji yalipungua?”

Angelina akainama.

“Nauliza. Yale maji yalipungua?”

Aliyejibu ni Hilari. “Yalipungua. Tulikuwa tumekaa naye pale ng'ambo tumemfunika khanga. Hata saa moja haikuisha. Yakapungua mpaka mawe yakaonekana. Ndipo ikapita pawatila, kale katrekta ka mkono, ya watu wa mbali wasiotujua, ikamchukua kumrudisha nyumbani. Mimi nikamwambia binti, sema gari halikuja. Mengine niachie mimi.”

Mwaka mzima, jamani. Mwaka mzima Alphonce alikuwa akienda kaburini kila Jumapili baada ya misa, anang'oa majani, anamwambia mkewe, gari lingekuja mama Angelina, gari lingekuja ungekuwa hapa. Huzuni yake yote kaijenga juu ya gari ambalo halikuja. Imekuwa kama nguzo ya nyumba. Leo imeng'olewa, na nyumba bado inamtazama.

Wa kwanza kupata maneno ni Marsiana, nani mwingine.

“Gari liondoke,” akasema. “Hilari, kaka yangu, sina ugomvi na wewe leo, kesho sijui, ila gari hili liondoke. Hata kuku wasilale chini yake. Alphonce, tutatafuta lingine. Magari yamejaa, mjini kule yamepangwa kama mihogo. Tutachukua hata jekundu.”

“Lingine litapatikana lini?” Alphonce akauliza. “Daktari kasema wiki mbili.”

“Wiki mbili si nyingi?”

“Dada, nimetembea miezi mitatu. Lile la Kiberege gea boksi inalia kama fisi. La yule mwarabu wa sokoni bei haishikiki. Hili ndilo nililoliwasha likawaka mara moja. Linakula mafuta kidogo. Mlango wa nyuma unafunguka vizuri, mtu mgonjwa anaingia bila kukunjwa.” Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, mtu mgonjwa anaingia bila kukunjwa, akautazama ule mlango wa nyuma.

“Lichukueni bure,” Hilari akasema.

“Nani kakuomba bure?”

“Alphonce, nilikwambia liko kwa fundi Kidatu. Kweli lilikuwa Kidatu. Miezi saba. Injini imefunguliwa yote ikakaushwa, nyaya mpya, siti zimeshonwa upya. Kila mahali nimekausha kwa mikono yangu, isipokuwa chini ya hiyo spea. Ilishikwa na kutu, nikasema acha, na kusema kweli sikutaka kupaona. Niliposikia Angelina ana mimba nikaacha kubeba abiria, nikasema hili ni lake. Nilitaka kulitoa bure, nikajua utauliza kwa nini. Ndiyo maana nikasema bei ile ya chini. Likimfikisha salama, hata mara moja tu, labda nitalala.”

“Mimi silipandi,” Angelina akasema.

Wote wakamtazama.

“Silipandi, baba. Lilipoingia hapa uani nilisikia mlio wa mlango tu, nikajua. Ukilinunua sitalipanda. Lakini…”

“Lakini nini?”

“Ukilirudisha nitajua umenichukia.”

Haya, niambieni nyie wenye akili, mzee wa watu afanye nini hapo? Kununua gari nimeona watu wakiumiza vichwa kwa ajili ya rangi, kwa ajili ya redio, kwa ajili ya namba kwamba ni ya zamani. Huyu hakuwa na redio kichwani. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani.

Akaliegemeza jembe ukutani, taratibu, kama linavunjika. Akaliendea gari, akafungua mlango wa nyuma.

“Alikaa upande gani?”

Angelina akaonyesha kwa kidole. “Hapo nyuma ya dereva. Mimi huku. Kichwa kaniwekea mapajani.”

Alphonce akaingia. Ni mtu mrefu, magoti yakagota siti ya mbele. Ndani palinukia sabuni na kitambaa kipya, lakini huwezi kumficha mkulima wa mpunga harufu ya tope la bondeni. Akaweka kiganja pale kitini. Akakaa hivyo.

Watu watatu wamesimama nje.

“Asubuhi ile,” akasema akiwa humo ndani, anazungumza na siti ya mbele, “aliniambia kichwa kinamgonga. Akaniambia Alphonce, leo usiende dunguni, kaa na mimi. Nikamwambia hao ndege wanajua kichwa kinakuuma? Wakila mpunga utaniuliza tena. Nikachukua kombeo langu nikaenda.”

“Baba.”

“Alinisindikiza mpaka pale kwenye mpapai. Sikugeuka. Nilikuwa nimekasirika, mtu unachelewa shamba kwa ajili ya kichwa.” Akapangusa uso kwa mkono wa shati. “Sijamwambia mtu. Padri sijamwambia. Nilikuwa nasema gari, gari, gari, ili nisiseme hilo. Kwa hiyo wewe usinifundishe habari za kuchukia watu.”

Angelina akaanza kulia. Si kile kilio cha msibani cha kuimba, ni kile cha mtoto aliyepotea sokoni akamuona mama yake. Marsiana naye akalia. Hilari alikuwa kashaanza zamani.

“Hilari.”

“Naam.”

“Nalichukua. Kwa bei ileile. Bure sitaki. Kitu cha kupewa nitakitazama kila siku nakichukia. Nikikinunua ni changu, nitakizoea.”

“Alphonce…”

“Sijamaliza. Kuendesha sijui na umri huu sijifunzi. Dereva ni wewe. Utalala kwangu hapa mpaka mtoto azaliwe. Utakula mchele wangu na safari hii utaumeza.”

Hilari akajipangusa uso kwa kitambaa kile cha oili, akajipaka weusi shavu zima. Akasogea mpaka kwenye dirisha la gari.

“Ahsante, mtani.”

“Utani sijaurudisha bado,” Alphonce akasema. “Nitakwambia siku nikiurudisha.”

Marsiana akacheka katikati ya machozi, kicheko kifupi kama chafya. Na hapo angalau mtu ungesema basi, mambo yametulia, watu wakae wanywe chai.

Ila Marsiana alipogeuka amshike Angelina, akaacha kucheka.

Mtoto kaegemea ukuta. Mkono mmoja uko kiunoni nyuma. Macho kayafumba, midomo kaikaza, anavuta pumzi kwa puani kama mtu anayebeba ndoo mbili. Maumivu yakapita. Akafumbua macho, akajifanya anatengeneza khanga.

Marsiana akamfuata. Hakuuliza, akaweka kiganja tumboni. Akakiacha hapo. Tumbo likakaza tena chini ya mkono wake, gumu kama dafu.

“Tangu saa ngapi?”

“Nini, shangazi?”

“Wewe mtoto, mimi nimezaa saba. Tangu saa ngapi?”

Angelina akamtazama baba yake ndani ya gari, halafu chini.

“Tangu alfajiri.”

“Tangu alfajiri na unakoroga uji!”

“Nilitaka kusema. Mara nikasikia gari linaingia.” Akashika ukuta, mengine yanakuja. “Nilijua nikisema mtanipakiza humu.”

Sasa ikawa mbio. Marsiana anaita khanga, anaita beseni, anajijibu mwenyewe. Hilari kashusha boneti kwa kishindo, kazunguka, karukia usukani. Gari likawaka mara moja, kama lilivyosifiwa.

“Bajaji!” Angelina akasema. “Baba, niitieni bajaji.”

“Bajaji gani, mama? Zote zimeenda mnadani!”

“Bodaboda basi.”

“Kwa mtoto aliyelala upande? Utafia njiani!” Marsiana akasema, na neno lilipomtoka akatamani kulirudisha.

 Hilari alikuwa anatazama milima kupitia kioo cha mbele. Juu ya uwanda kulikuwa na jua, kuku wanaparura, nguo zimeanikwa. Lakini milima yote ya Udzungwa ilikuwa imefunikwa na mvua, ile inayojaza korongo, nyeusi mpaka chini, na imekuwa hivyo tangu jana. Hakuna aliyemuuliza anatazama nini.

Alphonce hakutoka. Alisogea pale pale alipokuwa amekaa, nyuma ya dereva, akafungua mlango wa pili kutokea ndani, akaunyoosha mkono.

“Njoo, Angelina. Njoo, mama yangu. Kichwa weka hapa kwangu.” Akajipigapiga paja. “Mimi siendi popote. Niko hapa.”

Marsiana akamshika kwapa, akamleta hatua kwa hatua. Angelina akafika mlangoni. Akainama. Akaiona siti. Akaingiza mguu mmoja, akaukanyagisha ndani.

Mguu wa pili ukabaki chini.

Mkono wake umeng'ang'ania mlango mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Baba yake kamshika mkono mwingine. Injini inaunguruma. Hilari kaweka gea, kakanyaga breki, anamtazama kwenye kioo kidogo.

Maji yakamtoka Angelina. Yakashuka mapajani, yakapita kwenye kandambili, yakaingia kwenye udongo.

“Baba,” akasema, “siwezi.”